MALI IRUDI, ULIMI USILAZIMISHWE

Wananchi wenzetu, kuna swali moja ambalo wapenda mageuzi wengi hulikwepa kwa sababu kila jibu lake linauma. Mtu anayeshukiwa kupora mali ya umma anapoitwa na kuulizwa, "Nyumba hizi umezipata wapi?", je, ana haki ya kunyamaza? Anayejibu kwamba hana haki hiyo huwa amemkumbuka mama aliyefika hospitalini akaambiwa dawa hazipo. Anayejibu kwamba anayo huwa amemkumbuka kijana aliyefungiwa chini ya ardhi hadi akakiri kosa asilolitenda. Sisi tunawakumbuka wote wawili, na ndiyo sababu tumeona heri tuandike.

Msimamo wetu tunautaja mapema ili asiwepo wa kutubandikia mwingine. Mali iliyoibwa irudi, hata kama aliyeiiba hajafungwa, na hata kama kesi yake ya jinai haijafika popote. Lakini maneno ambayo mtu ameyatoa kwa kulazimishwa na sheria, akieleza alivyoipata mali yake, yasivuke kutoka chumba kimoja cha mahakama hadi kingine yakawa ushahidi wa kumtia jela. Kwa ufupi, kimya cha mtu kinaweza kumgharimu mali. Kisimgharimu uhuru wake.

TULIKOTOKA

Haki hii hatukuisoma vitabuni tu. Katiba ya zamani, katika kifungu chake cha 77, ilisema kwamba mtu anayeshtakiwa kwa kosa la jinai hatalazimishwa kutoa ushahidi katika kesi yake. Maneno hayo yalikuwamo kitabuni miaka yote ya 1980. Yalikuwamo pia wakati watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya walipokuwa wakifungiwa katika vyumba vya chini ya ardhi vya Jumba la Nyayo, jijini Nairobi, wakisimamishwa ndani ya maji, wakinyimwa chakula na usingizi, wakipigwa hadi wakubali kusema walichotakiwa kusema. Kisha walifikishwa mbele ya hakimu, wengi wao bila wakili, wakakiri makosa na kufungwa. Mwaka 2003 vyumba hivyo vilifunguliwa ili umma uvione kwa macho, na mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru waathiriwa 21 walipwe fidia kwa mateso waliyoyapata.

Tuyatazame mambo hayo kwa makini, maana somo lake ndilo msingi wa makala haya. Haki ya mtu kutojitia hatiani haikufutwa katika Katiba. Hakuna Bunge lililoketi likaiondoa. Ilivunjwa kabla ya kesi kuanza, mahali ambapo kifungu cha 77 hakikufika, kwa kuwa kifungu hicho kilimlinda mtu akiwa tayari amesimama kizimbani. Alipofika huko, ulimi wake ulikuwa umekwisha kufunguliwa kwa nguvu, na ulinzi wa Katiba ukamkuta amekwisha kujimaliza.

Ndiyo sababu wapigania mageuzi hawakutosheka kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991 na vyama vingi vikarudi. Walijua kwamba nchi inaweza kuwa na vyama ishirini na bado mwananchi akalazimishwa kukiri gizani. Mwaka 2003 Bunge lilirekebisha Sheria ya Ushahidi ili ungamo alilolitoa mtu mikononi mwa polisi lisipokelewe mahakamani. Baadaye mlango huo ulifunguliwa kidogo, lakini kwa masharti: ungamo lazima litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha juu ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Ibara ya 49 inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, na inakataza kumlazimisha aungame. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya kunyamaza wakati wa kesi na haki ya kukataa kutoa ushahidi unaomtia hatiani mwenyewe. Ibara ya 25 inaiweka haki ya kusikizwa kwa njia ya usawa miongoni mwa haki ambazo haziwezi kuwekewa mipaka hata kidogo. Hizo ni ngazi tatu tulizozipanda kwa jasho na, kwa wengine wetu, kwa damu.

WALICHOTUIBIA

Upande wa pili wa swali letu nao una historia. Katika miaka hiyo hiyo ya mapambano ya vyama vingi, kashfa ya Goldenberg ilikuwa ikikausha hazina ya nchi. Kampuni ililipwa fidia ya kusafirisha bidhaa nje, asilimia 20 iliyoruhusiwa na sheria na asilimia 15 iliyoongezwa juu yake, kwa dhahabu na almasi ambazo ardhi yetu haikuwa ikizitoa kwa kiasi hicho. David Munyakei, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika Benki Kuu, alipotoa nyaraka zilizofichua mambo hayo, alipoteza kazi yake. Alifariki mwaka 2006 akiwa maskini. Mwaka huo huo tume iliyoongozwa na Jaji Samuel Bosire, iliyokuwa imeteuliwa mwaka 2003, ilitoa ripoti yake. Kesi zikazunguka mahakamani miaka nenda, miaka rudi.

Mwananchi alijifunza nini? Alijifunza kwamba mwenye mamilioni ya wizi huyatumia mamilioni hayo hayo kuajiri mawakili wa kumlinda, na kwamba kumfunga mtu kunahitaji uthibitisho usioacha shaka ya maana, ilhali kula alichokiiba hakuhitaji uthibitisho wowote. Hivyo ikazaliwa hoja iliyo sahihi: tusingoje mwizi afungwe ndipo tuitwae mali. Tuifuate mali yenyewe.

Safari ya hoja hiyo haikuwa nyoofu. Mamlaka ya kwanza ya kupambana na ufisadi iliundwa mwaka 1997, na Desemba 2000 mahakama ikaamua kwamba kuwepo kwake kulikiuka Katiba. Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ilipitishwa mwaka 2003. Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Ulanguzi wa Fedha ikafuata mwaka 2009, ikaunda shirika la kurejesha mali chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Nayo Katiba ya 2010, katika ibara ya 40, ilipokuwa ikiilinda haki ya kumiliki mali, ilisema wazi kwamba ulinzi huo hauifikii mali iliyothibitika kupatikana kwa njia isiyo halali. Tuliziunga mkono sheria hizo, na tunaziunga mkono hata leo.

JINSI SHERIA INAVYOFANYA KAZI

Msomaji ambaye hajawahi kuziona sheria hizi anastahili kuelezwa kwa lugha nyepesi.

Chini ya sheria ya 2003, tume ikimshuku mtu kwa ufisadi inaweza kumpelekea ilani ya maandishi chini ya kifungu cha 26. Ilani hiyo inamtaka aorodheshe mali yake, aseme aliipata lini, na aeleze kama aliinunua, alipewa zawadi au aliirithi, na alilipa nini. Asipotii, ametenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kifungu cha 55 nacho kinaruhusu tume kwenda Mahakama Kuu ikiwa mali ya mtu inazidi mapato yake yanayojulikana na maelezo yake hayakuridhisha. Tume inatangulia kuleta ushahidi wake. Jaji akiridhika kwamba kuna mali isiyoelezeka, anaweza kumtaka mwenyewe athibitishe kwamba hakuipata kwa ufisadi. Akishindwa, ataamriwa kuilipa Serikali thamani ya mali hiyo.

Chini ya sheria ya 2009, shirika la kurejesha mali linaweza kuomba amri ya kuihifadhi mali bila mwenyewe kuwepo. Amri hiyo hudumu siku 90. Baadaye linaomba mali itwaliwe na Serikali. Kesi hii huhesabiwa kuwa ya madai, wala si ya jinai. Mizani yake ni nyepesi zaidi: jaji huuliza tu ni upi kati ya pande mbili unaoelekea zaidi kuwa ukweli. Na amri ya kutwaa mali haitanguliwi na matokeo ya kesi ya jinai, hata mtu huyo akiachiliwa.

Hapa ndipo fundo lilipo. Ibara ya 49 humlinda aliyekamatwa. Ibara ya 50 humlinda mshtakiwa. Mtu aliyepokea ilani ya kueleza mali yake hajakamatwa wala hajashtakiwa. Mtu anayejitetea katika kesi ya kutwaa mali ni mdaiwa tu. Amesimama katika uwanja ulio kati ya nyumba mbili za Katiba, na yupo nje ya zote mbili. Huko ndiko anakotakiwa aseme.

MILANGO MITATU

Tuchukue mfano wa kubuni. Afisa wa ununuzi katika serikali ya kaunti anapata mshahara wa shilingi 90,000 kwa mwezi. Baada ya miaka minne ana nyumba tatu za kupangisha. Ilani inamfikia. Ukweli wake ni kwamba nyumba moja ilijengwa kwa mlungula wa mwanakandarasi, ya pili ilijengwa kwa faida ya malori ambayo hakuyalipia kodi, na ya tatu ilitokana na shamba la marehemu babaye lililouzwa.

Mbele yake pana milango mitatu. Akinyamaza, anaweza kufungwa hadi miaka mitatu kwa kutotii ilani. Akisema uongo, huo nao ni uhalifu. Akisema ukweli wote, mkono wake mwenyewe umeandika ramani ya kesi mbili za jinai, ya hongo na ya kodi, na jina la shahidi mkuu wa Serikali ni lake.

Kuna msomaji atakayesema, "Vizuri! Si ni mwizi? Na afungwe." Tunamwelewa. Lakini amtazame na huyu wa pili. Ni mama anayeuza mitumba Gikomba. Mpwa wake alimwomba ampokelee fedha katika akaunti yake, naye hakuuliza maswali mengi. Siku moja anapata akaunti imefungwa kwa amri ya mahakama. Ndani yake mna fedha za mpwa, mna faida ya biashara, mna na akiba ya chama cha akina mama kumi na wawili. Ili aikomboe akiba hiyo, ni lazima aape hati ya kiapo aeleze kila shilingi. Hana stakabadhi. Hajawahi kujaza fomu za kodi ipasavyo. Kumhusu mpwa wake, anajua kidogo tu, ila kidogo hicho chatosha kumfanya aonekane mshiriki. Hati atakayoiweka mahakamani itasomwa na upande wa pili neno kwa neno. Akiogopa na kunyamaza, akiba ya wenzake kumi na wawili imekwenda pamoja na mali ya mhalifu.

Mlango alioutengenezewa mwizi mkubwa ndio huo huo anaopitishwa mama huyu. Tofauti ni kwamba mwizi mkubwa huingia na mawakili wanne wanaojua kila neno la kuliacha, na mama huingia peke yake.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wapo wanaosema kwamba mtu mwaminifu hana cha kuogopa akieleza. Hoja hiyo tuliisikia zamani. Waliotulazimisha kusema katika miaka ya giza nao walituuliza, "Kama hamna hatia, mbona hamsemi?" Hatulinganishi ilani ya tume na maji ya Jumba la Nyayo. Hakuna anayepigwa kwa kifungu cha 26, na maafisa wengi wa tume hizi wanafanya kazi ngumu kwa nia njema. Tunalosema ni kwamba njia ni moja: ushahidi wa kumfunga mtu unachotwa kutoka kinywani mwake, kwa tishio la adhabu, kabla hajafika mahali ambapo Katiba inamlinda. Tishio la fimbo limebadilika likawa tishio la jela. Limepungua ukali, ila bado ni tishio.

Wapo wengine, na hoja yao ina uzito zaidi, wanaosema kwamba haki ya kunyamaza itakuwa pango la wezi. Kila mporaji atakunja mikono, atasema Katiba inamlinda, na nyumba zake zitabaki zake. Tunajibu kwamba hilo ni kuchanganya mambo mawili. Haki ya kutojitia hatiani humlinda mtu asiadhibiwe kwa ulimi wake. Hairithishi nyumba wala haitoi hatimiliki. Tume ikileta ushahidi kwamba mtu wa mshahara wa elfu tisini ana nyumba za milioni hamsini, naye akachagua kutosema lolote, jaji ana haki ya kuamua kwa ushahidi uliopo, na nyumba ziende. Huko si kumwadhibu kwa kunyamaza. Ni kukataa kuamini mali isiyo na asili.

Wapo pia wanaotukumbusha kwamba mahakama zimekwisha kusema. Ni kweli. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Stanley Mombo Amuti na tume ya kupambana na ufisadi, ilikataa hoja kwamba utaratibu huu wa mali isiyoelezeka unakiuka Katiba. Tunaiheshimu hukumu hiyo, na katika suala la kutwaa mali tunakubaliana nayo kabisa. Lakini mahakama hujibu swali lililoletwa mbele yake. Kwamba jambo linaruhusiwa na Katiba hakumaanishi kwamba Bunge halipaswi kulifanya kuwa bora zaidi. Hatusemi vitabu vyetu vya sheria havina kinga yoyote. Tunasema kinga ya uhuru wa mtu haipaswi kutafutwa kwa tochi kati ya vifungu na hukumu. Ibara ya 50 inampa jaji uwezo wa kuukataa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki, iwapo kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya usawa. Huo ni uwezo mzuri, ila hufanya kazi baadaye, kesi kwa kesi, kwa mwenye wakili wa kuuomba.

WENZETU WALIVYOFANYA

Tatizo hili halikuanza kwetu, na wenzetu wamekwisha kulitatua bila kuwaachia wezi mali.

Afrika Kusini, mara tu baada ya kuanguka kwa utawala wa ubaguzi, ilikabiliana nalo katika kesi ya Ferreira na Levin, iliyoamuliwa na Mahakama ya Katiba Desemba 1995. Sheria ya makampuni ilimlazimisha mtu aliyehusika na kampuni iliyofilisika ajibu maswali hata kama majibu yalimtia hatiani, na majibu hayo yangeweza kutumiwa dhidi yake. Mahakama haikuyafuta mahojiano. Ilisema watu waendelee kuulizwa, kwa sababu wadai na wenye hisa wana haki ya kujua fedha zao zimekwenda wapi. Ilichokifuta ni kule kuyatumia majibu ya kulazimishwa dhidi ya aliyeyatoa katika kesi ya jinai, isipokuwa kesi ya kusema uongo katika mahojiano yenyewe. Mali ikatafutwa, na ulimi ukalindwa.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1996, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kesi ya Ernest Saunders dhidi ya Uingereza. Wakaguzi wa serikali walikuwa wamemlazimisha kujibu maswali kuhusu ununuzi wa kampuni moja na nyingine, kisha majibu hayo yakasomwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama lililomtia hatiani. Mahakama ilisema hakutendewa haki. Lakini iliongeza jambo ambalo kila mpenda mageuzi anapaswa kulikariri: haki hii haivifikii vitu ambavyo vipo bila kutegemea hiari ya mshukiwa, mathalani nyaraka zilizotwaliwa kwa idhini ya mahakama. Uingereza ilirekebisha sheria zake mwaka 1999.

Jambo hilo la nyaraka ndilo ufunguo. Wizi wa mali ya umma huacha nyayo. Fedha hupita benki, ardhi huandikishwa, kampuni husajiliwa, zabuni hutiwa sahihi. Mwaka 2016, katika kisiwa cha Jersey, kampuni iliyoitwa Windward Trading ilikiri makosa ya ulanguzi wa fedha zilizotokana na hongo za zabuni za shirika letu la umeme, na mahakama ya huko ikaamuru itwaliwe zaidi ya paundi milioni tatu. Fedha hizo zilikuwa zimefichwa mbali, kwa jina la kampuni, katika kisiwa ambacho Wakenya wengi hawajawahi kukisikia. Zilifuatwa hadi zikapatikana. Mpelelezi anayejua kusoma vitabu vya benki hana haja kubwa ya kumkamua mtu maneno. Mpelelezi mvivu ndiye anayetaka mshukiwa amfanyie kazi.

TUNACHODAI

Hatupendi kulalamika bila kutaja dawa. Tunataka Bunge lizirekebishe sheria hizi mbili, ya 2003 na ya 2009, kwa mambo matano.

Kwanza, iandikwe wazi, kwa maneno yale yale katika sheria zote mbili, kwamba maelezo ya mali ambayo mtu ameyatoa kwa kutakiwa na ilani, au kwa kiapo katika kesi ya kutwaa mali, hayatapokelewa dhidi yake katika kesi yoyote ya jinai, isipokuwa kesi ya kusema uongo katika maelezo hayo hayo.

Pili, kinga hiyo iyafikie matunda ya maneno. Haitoshi kusema hati ya kiapo haitasomwa mahakamani ikiwa mpelelezi ataisoma jioni na kesho yake akaenda moja kwa moja mahali ilipomwelekeza. Mwendesha mashtaka ndiye abebe mzigo wa kuonyesha kwamba ushahidi wake ulitoka kwingine.

Tatu, kifungo kwa ajili ya kunyamaza kiondolewe. Mahali pake pawekwe athari za mali tu: asiyeeleza, jaji aamue bila maelezo yake. Jela ibaki kwa anayedanganya, anayeficha mali na anayechoma nyaraka.

Nne, nyaraka zilizokuwapo tangu awali zisipewe kinga yoyote. Taarifa za benki, rekodi za fedha zinazotumwa kwa simu, sajili za ardhi na za makampuni, na mikataba ya zabuni, vyote vitolewe kwa amri ya mahakama, na visaidie kesi zote mbili. Asitokee mtu wa kusema hatimiliki yake nayo ina haki ya kunyamaza.

Tano, pale ambapo kesi ya mali na kesi ya jinai zinakwenda kwa wakati mmoja, jaji awe na uwezo wa kuzifunga hati za kiapo zisifike kwa mwendesha mashtaka, au kuisimamisha kesi ya mali kwa muda. Lakini usimamishaji usitolewe kwa kuombwa tu. Mwombaji aonyeshe hatari halisi, mali ibaki imehifadhiwa, na kodi ya nyumba zinazobishaniwa iwekwe chini ya msimamizi wa mahakama. Ucheleweshaji usiwe biashara.

Mtu akiyasoma madai haya matano ataona kwamba hakuna hata moja linalomwachia mporaji jiwe moja la nyumba yake. Yanaiondolea Serikali njia moja tu, njia ya kumfunga mtu kwa maneno iliyomlazimisha ayaseme.

SHERIA NI MSUMENO

Tunajua kwamba madai haya hayatashangiliwa katika mikutano ya hadhara. Ni rahisi zaidi kusimama jukwaani na kusema wezi wasiwe na haki yoyote. Februari 2024 nchi yetu iliwekwa katika orodha ya mataifa yanayofuatiliwa kwa karibu kuhusu ulanguzi wa fedha, na tangu hapo shinikizo la kuonyesha matokeo limeongezeka. Shinikizo hilo ni halali. Lakini wakati wa shinikizo ndio wakati haki huvunjwa huku watu wakipiga makofi.

Wazee wetu walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Silaha tunayomkabidhi afisa wa leo ili awafuate waporaji itarithiwa na afisa wa kesho, na hatujui atatumwa na nani. Sisi tuliopitia utawala wa chama kimoja tunajua jinsi sheria iliyotungwa kwa ajili ya wahalifu ilivyogeuka kuwa ya kuwasaka wakosoaji. Itakuwaje siku ambapo mwanahabari, mhubiri au kiongozi wa upinzani atapelekewa ilani aeleze nani alimchangia fedha za mkutano, na kila jina atakalolitaja lifunguliwe jalada? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tunakuomba mambo mawili. Mbunge wako atakapokuja kukuomba kura, muulize mali ngapi ya umma imerudishwa na imetumika wapi. Hilo ni deni lako, lidai bila haya. Kisha muulize swali la pili: katika kuirudisha, je, kuna Mkenya aliyefungwa kwa maneno aliyolazimishwa kuyasema? Kiongozi anayeweza kuyajibu yote mawili vizuri ndiye tuliyekuwa tukimtafuta tangu tulipoanza safari hii. Anayejibu la kwanza tu bado hajaelewa kwa nini tulidai vyama vingi.